Mwezi Mgongoni

Kifua ndicho kilichomwambia Laurentine kwamba wamechelewa. Alikuwa ameinama kwenye tuta la mwisho, akilitikisa shina la muhogo huku na huku ili lilegee, mara maziwa yakaanza kutoka yenyewe na kulowesha blauzi pande zote mbili. Akasimama, akabana mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, akangoja yatulie. Hayakutulia.

"Inatoka?" aliuliza mama mkwe wake, Mama Ernestine, bila kuinua kichwa.

"Inatoka, mama."

"Basi njo anakuita. Bwana yangu anakuita kule ku nyumba. Funga kitunga, tuende."

Huyo bwana alikuwa na miezi saba. Alikuwa mtoto wa Laurentine na Rémy, na alikuwa amepewa jina la babu yake, marehemu Nkongolo. Jina liliporudi nyumbani, mjane wake, Mama Ernestine, naye akajirudishia mume. Alimwita bwana yangu mbele ya watu wote. Asubuhi alimuuliza kama amelala vizuri, na kila mwisho wa mwezi alimgombeza uani, majirani wakisikia, kwa kutoleta mshahara. Mtoto alimcheka kwa ufizi, na Kapata nzima, mtaa ule wa nyumba za zamani za kampuni nje kidogo ya Kolwezi, ikacheka naye.

Siku zote mtoto alikwenda nao shambani. Shamba lao lilikuwa upande wa machweo. Asubuhi ukitoka Kapata jua linakupiga mgongoni, jioni ukirudi linakupiga mgongoni tena. Kwa mwanamke anayetembea peke yake hiyo ni bahati, macho hayamuumi. Kwa mwenye mtoto, anayepigwa ni mtoto. Wiki iliyopita shingo ya Nkongolo ilikuwa imetoka harara, akalia usiku kucha. Kwa hiyo leo, kwa mara ya kwanza, Laurentine alimwacha kwa jirani yake Huguette, pamoja na uji kwenye chupa ya chai na simu ya nyumbani, ili likitokea jambo Huguette ampigie Rémy, aliyekuwa kazini mpaka kesho yake. Simu ya Mama Ernestine ilikuwa imezimika tangu juzi. Umeme ulikuwa umekatika Kapata, na hakuna aliyejua utarudi lini.

Ule uji ulikuwa wa kujipa moyo tu. Nkongolo hakutaka kijiko. Alikisukuma kwa ulimi, akakitazama kama kitu kilichomtukana, kisha akageukia titi.

"Atakunywa akisikia njaa," Huguette alikuwa amesema.

"Nitarudi mbele ya jua kuzama," Laurentine alikuwa amejibu.

Lakini walimngoja Mbayo, mwenye baiskeli ya kubeba mizigo, na Mbayo hakuja. Mwishowe walijitwika wenyewe kiasi walichoweza, mihogo mingine wakaifunika kwa majani, wakashika njia jua likiwa limeshakuwa jekundu kwa moshi wa nyika zinazochomwa.

Walipofika kwenye kile kichuguu kikubwa ambapo njia hukunja, njia haikuwepo. Mashine za kampuni mpya ya mgodi, zilizokuwa zikinguruma tangu mchana, zilikuwa zimesukuma udongo mwekundu ukawa ukuta mrefu kuliko nyumba, na mbele ya ukuta zimechimba mtaro. Asubuhi walipita hapo wakizungumza juu ya bei ya mafuta. Sasa palikuwa na mlima.

"Tuizunguke," alisema Laurentine.

Wakauzunguka. Ukuta ukapinda kama kiwiko, wakapinda nao. Ukapinda tena. Wakateremka katika shimo refu lililochimbwa zamani, wakidhani wanakata njia, wakahangaika humo kutafuta pa kupandia, vitunga vikiwaelemea shingo. Jua lilizama wakiwa humo ndani. Walipopanda juu kwa upande mwingine, giza lilikuwa limeshaingia na hawakujua tena waliingilia wapi. Nyasi zilikuwa zimewapita vichwa, na vichuguu vyote vilifanana.

"Kapata iko wapi?" aliuliza Mama Ernestine.

Laurentine alikuwa anatazama juu. Mwezi mwembamba ulikuwa umening'inia kwenye moshi, wa manjano.

"Mama, ngojea kidogo. Mwezi iko pale. Tata Muteba alitufundisha."

"Alikufundisha kulima?"

"Alitufundisha kutafuta njia na mwezi."

Tata Muteba alikuwa mwalimu wa masomo ya jioni pale parokiani. Laurentine aliacha shule mapema, na sasa, akiwa mama wa mtu, alikuwa ameanza upya. Alikwenda na mtoto mgongoni, akaandika amesimama nyuma ya darasa huku akijiyumbisha ili mtoto alale. Alitaka cheti. Kisha, kama Mungu angependa na Rémy asiachishwe kazi, alitaka kufundisha watoto wadogo. Somo la mwezi alilipenda. Mwalimu alilisoma katika kitabu kilichotoka Ulaya, akachora ubaoni mwezi mwembamba umesimama wima kama kipande cha ukucha. Unachora mstari kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, alisema, unaushusha mpaka ardhini, na pale unapogusa ndipo kusini. Ukijua kusini, umejua pande zote.

Lakini mwezi wa juu ya vichuguu haukusimama. Ulikuwa umelala chali kama bakuli, pembe zote mbili zikitazama mbinguni. Laurentine alipochora mstari kwa kidole, mstari haukushuka popote, ulikwenda zake pembeni. Alifumba jicho moja. Akaona pembe moja kama imeshuka kidogo kuliko mwenzake. Akaushika huo ushukaji mdogo, akauvuta kwa nguvu mpaka chini, karibu kabisa chini ya mwezi wenyewe.

"Kusini ni pale," alisema. "Kwa hiyo mashariki ni ku mukono wa kushoto. Kapata ni huku."

"Uko na hakika?"

"Iko mu kitabu, mama."

Wakaenda huku, mwezi ukiwa begani upande wa kulia. Walitembea muda mrefu, Laurentine mbele akizitenga nyasi kwa mkono mmoja. Kisha ardhi ikaanza kulainika. Mguu wake ukaingia kwenye matope mpaka muundi, kandambili ikabaki humo, na vyura wakanyamaza kwa pamoja. Walikuwa wamefika kwenye dembo, bonde la majimaji. Kati ya shamba lao na Kapata hakuna dembo.

Mama Ernestine alikaa chini pale pale, kitunga kichwani.

"Kitabu inasema nini sasa?" aliuliza. "Inasema tuoge?"

Laurentine alikuwa anatafuta kandambili kwa mkono ndani ya matope. Machozi yalimjia, akayarudisha. Aliipata, akaivaa ilivyo, imejaa tope.

"Nisamehe, mama."

"Mi sina na hasira. Mi niko nachoka tu." Mama mkwe alinyoosha mkono ili avutwe. "Inuka. Sasa mi njo nitapita mbele. Unaona kule?"

Kule, nyuma yao, mbingu ilikuwa nyeupe. Mwangaza mkubwa ulikuwa umetanda juu ya miti, umetulia, kama mtu aliyeacha mlango wazi.

"Ile ni kwetu," alisema Mama Ernestine. "Tunafata ile."

Aliyasema hayo kama mtu anayesoma sala. Alikuja Kapata akiwa msichana, kutoka Kasai, ameolewa na mfanyakazi wa zamu ya usiku ambaye hakumfahamu vizuri. Alikuwa anaiogopa nyika ya huku. Nkongolo alimwambia neno moja: ukipotea usiku usiulize mtu, tafuta mwangaza wa usine, kiwanda cha kampuni, uufuate, mi niko mule ndani. Kwa miaka na miaka ilikuwa hivyo. Kulikuwa na mwangaza mmoja tu, na chini yake kulikuwa na mume. Watu wote wa Kapata walitembea hivyo. Hata walevi walirudi nyumbani hivyo.

Wakarudi walikotoka, wakapita pale walipoanzia, wakaendelea. Sasa mwezi ulikuwa bega la kushoto. Shingo ya Laurentine ilikuwa imekufa ganzi, na kila hatua kandambili yenye matope ilipiga kisigino. Matiti yalikuwa magumu kama mawe, yakiuma mpaka kwapani. Alijaribu kutofikiri juu ya mtoto, kwa sababu kila alipofikiri maziwa yalitoka, lakini kichwa kilikuwa kimechoka mno kukatazwa. Alimwona Nkongolo amekunja ngumi. Alimwona analia kile kilio cha kwanza, cha hasira, halafu kile cha pili, cha kuomba. Cha tatu hakukijua. Hakuwahi kumfikisha huko.

"Mama, nisimame kidogo. Inaniuma sana."

"Kamua. Lakini usimwage chini, siafu itakula, maziwa itakauka. Kamulia mu kitambaa."

Laurentine alitua kitunga, akapiga magoti. Alikuwa bado amejifunga kitenge cha kubebea mtoto, alijifunga asubuhi bila kufikiri, kikashinda mgongoni kimelegea, hakina mtu. Akaivuta ncha yake mbele, akakamua humo. Kitambaa kikalowa, kikawa moto, na harufu yake ilikuwa harufu ya kichwa cha mtoto. Alipomaliza, mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe, kama ulivyozoea, kumpapasa Nkongolo na kuona kama shingo yake imekingwa dhidi ya jua.

Mkono ukagusa mgongo mtupu.

Akabaki hivyo, amepiga magoti, mkono mgongoni. Jua la mgongoni kwenda, jua la mgongoni kurudi. Alitazama mwezi. Ulikuwa umeshuka, umekaribia vichwa vya miti, na tumbo lake jeupe lilitazama chini, kama mtu anayeinama kumtafuta aliyetangulia.

"Mama," alisema polepole. "Mwezi mupya, ile ya kwanza kabisa, tukiwa ku nyumba tunaionaka wapi?"

"Unauliza nini tena?"

"Wewe njo unatuonyeshaka. Unatoka mu lupango, pale mbele ya nyumba, na kifagio, unasema, angalia, mwezi ya wapangaji kulipa imefika. Unaonyesha na kifagio. Unaonyesha wapi?"

Mama Ernestine alifikiri. Alikuwa amechoka, na kufikiri kulimchukua muda.

"Juu ya njia ya mashamba," alisema.

"Umeionaka hata siku moja juu ya mjini?"

"Apana. Ikiwa ndogo inakuwaka juu ya njia ya mashamba tu. Halafu inaingia chini mbio."

"Kule jua inalala."

"Kule jua inalala, ndiyo."

"Basi iko inafuata jua. Tumbo yake inatazama fasi jua iliingia. Jioni tukitoka ku mashamba, jua inakuwa ku mugongo. Sasa jua imeenda, lakini mwezi iko mu nafasi yake." Laurentine alisimama. Hakuwa na kitabu kichwani tena, alikuwa na mgongo tu. "Tuiweke ku mugongo, mama. Saa hii iko ku bega. Hatuendi ku nyumba."

"Na ile mwangaza?"

"Ile mwangaza haiko ya kwetu."

Mama Ernestine alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwanza ulinipeleka mu maji na mwezi. Sasa unataka niipatie mwangaza mugongo, niende mu giza, na mwezi ile ile. Bwana yangu analia na njaa, weye unabembeleza mwezi."

"Mama, kwetu umeme imekatwa. Kapata haiwezi kuwaka. Tunatafuta mwangaza, na kwetu iko giza."

Mama mkwe aligeuka, akautazama ule mwangaza mweupe, akautazama kwa muda mrefu kama anayengoja mtu atoke humo. Upepo ulileta sauti ya mashine zile za mchana, mngurumo mmoja usiokatika.

"Ya Nkongolo ilikuwa na rangi," alisema mwishowe. "Ilikuwa manjano, kama mafuta ya ngazi, mawese. Na ilikuwa inapumua, inawaka, inafifia. Hii iko nyeupe sawa meno." Alipangusa uso kwa kanga. "Nimeona tangu kule ku maji. Nikasema labda ni macho yangu."

Laurentine alimsaidia kujitwika.

"Mule hamuna mutu wangu," alisema Mama Ernestine. "Wangu iko na miezi saba. Bon. Pita mbele. Mi nitaangalia mwezi."

Wakaupa mwangaza bega, wakaupa mwezi mgongo, wakaenda gizani. Mbele hapakuonekana kitu. Laurentine alikuwa anatembea kwa kunyoosha mguu na kuuliza ardhi kama ipo. Kila baada ya muda alisema bila kugeuka:

"Iko?"

"Iko ku mugongo."

Na baadaye:

"Iko?"

"Iko ku bega ya kuume. Rudi kidogo. Kidogo tena. Pale. Iko ku mugongo."

Na baadaye sana:

"Iko?"

"Iko, lakini inasinzia. Umubebe muzuri, ataanguka."

Laurentine akacheka, na kucheka kukamuuma kifuani. Kabla mwezi haujaingia kwenye miti, alisimama, akajiweka sawa, akatafuta nyota iliyokuwa mbele yake kabisa, moja kubwa karibu na ardhi, akamwonyesha mama mkwe. Mwezi ulipozama walikuwa wameshaishika hiyo. Ilikuwa inapanda, nao wakashika nyingine iliyochomoza chini yake. Hawakuwa na hakika. Walikuwa wanaendelea tu, kwa sababu kusimama kungekuwa kulala, na kulala nyikani kulikuwa kumwacha mtoto mpaka asubuhi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Moshi wa makaa. Kisha mbwa. Kisha mtu aliyekuwa anakohoa karibu kabisa, na sauti ya mwanamke ikisema funga mlango. Laurentine alinyoosha mkono akagusa matofali. Walikuwa wamefika kwenye safu ya mwisho ya nyumba za Kapata, na hawakuiona mpaka walipoigusa.

Huguette alikuwa mlangoni kwa Laurentine na mshumaa, mtoto begani. Nkongolo hakuwa analia. Alikuwa anatoa sauti ndogo, kavu, kama mlango unaofunguka na kujifunga kwa upepo. Hicho ndicho kilikuwa kilio cha tatu.

"Alikunywa maji kidogo," alisema Huguette. "Uji hapana. Nimejaribu kila kitu, Mama Nkongolo. Nilimwita Rémy, simu haikupita. Mi nilifikiri mumekufa."

Laurentine hakusikia vizuri. Alikaa chini kizingitini na tope lake, akafungua blauzi, akampokea. Mtoto alimtazama. Kisha akageuza uso, akautazama ukuta.

"Tata," alisema Laurentine, akimwita baba. "Tata yangu. Ni mimi."

Hakugeuka. Maziwa yalikuwa yanadondoka kwenye shavu lake, na hakugeuka.

Mama Ernestine alitua kitunga, akachutama mbele yao, magoti yakalia. "Bwana," alisema kwa ile sauti ya kila siku, lakini chini chini. "Usimununie. Hakukusahau. Leo alibeba mwezi ku fasi yako, na mwezi haina uzito kama weye, haikujua hata kukojoa. Kunywa."

Labda ilikuwa ile sauti. Labda ilikuwa harufu. Nkongolo alifungua mdomo, akalalamika neno refu lisilo na herufi, akashika titi kwa nguvu hata Laurentine akauma midomo. Alikunywa akiguna, ngumi ikiwa imekamata ukosi wa blauzi. Polepole vidole vilifunguka.

Huguette alikwenda kwake kulala. Mshumaa ulibaki. Mama Ernestine alikifungua kitenge kilichokuwa bado mgongoni mwa mkwewe, kizito kwa maziwa na jasho, akakitundika kwenye kamba. Kisha akakaa kwenye kizingiti upande wa pili, miguu imenyooshwa nje. Kwa mbali, nyuma ya paa, mbingu ilikuwa nyeupe. Aliitazama mara moja, akageuza kichwa.

"Kesho mangaribi iko masomo?" aliuliza.

"Iko."

"Utaenda. Bwana nitabaki naye, ukimunyonyesha mbele ya kutoka." Akakwangua tope kwenye kisigino. "Lakini umwambie Tata Muteba mwezi ya huku inalalaka. Asiichore imesimama. Mutu atazama mu maji."

Laurentine alitaka kujibu kwamba atamwambia. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea mlango. Mtoto alikuwa anakunywa bado, na yeye alikuwa ameshalala.